Damu ya Mtoto Anayelia

Mzee alikuwa amekwisha kukiri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta.

Kwa kawaida mtu akikiri, polisi hupumua. Chai huagizwa, faili hufungwa, watu hurudi nyumbani mapema. Lakini Inspekta alikuwa mwanamke aliyekuzwa kwa vitendawili, na jibu linalofika kabla ya swali halikuwahi kumlaza usingizi.

"Kwa hiyo ulimpiga," alisema.

"Nilimpiga."

"Mjukuu wako."

"Mjukuu wangu wa pekee, ndiyo."

"Kosa lake?"

Mzee alitazama ukuta wa kituo kana kwamba kosa lilikuwa limebandikwa pale. "Alimwaga maziwa."

"Ulimpiga kwa kitu gani?"

"Fimbo."

"Iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Ilikuwa nene? Nyembamba?"

"Afande, fimbo ni fimbo."

Inspekta alichukua gazeti la mezani, akalikunja likawa gumu, akampa. "Mzee wangu, simama. Kiti kile ndicho mtoto. Nionyeshe."

Mzee alisimama. Aliinua mkono wa kulia, ukafika kifuani, ukagoma. Uso ulimkunjamana kwa maumivu ya bega. Akahamishia gazeti mkono wa kushoto, akakigusa kiti taratibu, kama mtu anayemfukuza nzi aliyemzoea.

"Kwa pigo hilo," alisema Inspekta, "hata vumbi lisingehama."

Mzee akaketi. Gazeti likabaki magotini mwake. Aliuliza, sauti ikiwa chini: "Nikifungwa mimi, mtoto atarudi kwa mama yake. Sivyo?"

"Nani kakwambia?"

"Nauliza tu."

Basi, pale pale, Inspekta aliliona shimo lililokuwa katikati ya ukiri huo, na ukubwa wake ulikuwa sawasawa na mwanamke mmoja.

Mambo yalikuwa hivi. Juzi mama mmoja, fundi wa kushona sare za shule, alimkimbiza hospitali binti yake wa miaka mitano, pua ikitoka damu isiyokatika. Mtoto alikuwa na homa. Wale wa dharura walipomvua gauni waliitana. Nyuma ya mapaja yote mawili kulikuwa na mistari miwili myeusi iliyonyooka. Chini ya makwapa kulikuwa na alama za vidole, gumba mbele, vingine nyuma. Polisi wakaitwa. Ustawi wa jamii wakaja, wakaamua mama asimkaribie mtoto mpaka ijulikane nani kafanya nini. Na kesho asubuhi mtoto angehamishiwa nyumba ya watoto, akakae huko hadi mahakama iseme.

Leo mzee, baba wa huyo mama, akafika kituoni kwa baiskeli yake, akaegesha, akasema: Ni mimi.

"Afande," aliita mzee, Inspekta alipofika mlangoni. "Ile baiskeli yangu isinyeshewe. Mtoto anaipenda kuliko anavyonipenda mimi."

Inspekta aliitazama baiskeli alipopita uani. Ilikuwa nyeusi, ya kizamani, imepakwa mafuta vizuri, keria nyuma, kengele mbele. Akamwambia polisi wa zamu aiingize kibandani. Wakati huo hakuona zaidi ya hapo.

*

Wodi ya watoto wenye magonjwa ya damu na saratani ilikuwa ghorofa ya juu. Mlangoni Inspekta alikaribia kugongwa na mvulana asiye na hata unywele mmoja, aliyekuwa amepanda kwenye miguu ya chuma ya dripu yake mwenyewe, akisukumwa na mwenzake asiye na nywele vilevile.

"Breki!" alipiga kelele Sista. "Nyie mtanifukuzisha kazi!"

Sista alikuwa muuguzi mnene, mwenye sauti kubwa na mikono mizuri. Alimpeleka Inspekta hadi kitanda cha pembeni.

Mtoto alilala kaelekea ukutani. Karibu na mto kulikuwa na kipande cha mkate ambacho hakijaumwa.

"Mama yake alituambia nyumbani wanamwita Chiriku," alinong'ona Sista. "Kwa kusema, anasema mpaka usingizini. Mimi tangu aletwe sijamsikia neno. Kulia, ndiyo. Siku ile ya kumtoa damu tulimshika watu wanne, jasho likatutoka. Alilia mpaka akakauka."

Inspekta alivuta kiti. "Chiriku, mimi ni polisi, lakini sijaja na pingu. Nimekuja na uzi." Alitoa mfukoni kidonge cha uzi mweupe, ule wa kushonea vifungo. "Nataka kupima miguu yako. Hauumi. Ukitaka, nipime kwanza wewe."

Mtoto hakugeuka, ila mkono mmoja ulitoka chini ya shuka. Inspekta akamwekea uzi kiganjani. Baada ya kitambo vidole viliuvuta, vikauachia. Ruhusa ilikuwa imetolewa.

Alipima polepole. Alinyoosha uzi kutoka mstari mmoja hadi wa pili, akafunga fundo kila mahali. Paja la kushoto. Paja la kulia. Nafasi ilikuwa ile ile. Zaidi ya hayo, mistari ya mguu huu ilifuatana na ya mguu ule, kana kwamba miguu yote miwili ililazwa pamoja juu ya kitu kimoja. Fimbo gani hiyo inayopiga mara mbili isiteleze hata upana wa ukucha?

Kisha akauona mkono. Juu ya kiwiko kulikuwa na mkanda wa weusi, umezunguka kama bangili.

"Sista, hii nayo?"

"Si ndizo hizo hizo alizokuja nazo?"

Inspekta alitoa picha zilizopigwa usiku ule wa kwanza. Wakazitazama wote wawili. Mkono ulikuwa safi. Miguuni nako, kwenye vifundo, sasa kulikuwa na vidoa ambavyo picha haikuwa navyo.

Sista alishika mdomo. "Huo ni mpira. Mpira wa kufungia mkono tukitafuta mshipa. Lakini Mungu ni shahidi, hatukuukaza!"

"Nipe mkono wako, Sista."

"Wa nini?"

"Nipe tu. Sikukamati."

Inspekta alikiweka kiganja cha Sista juu ya kifundo cha mtoto, bila kukigusa. Kidole kwa kidole, kilikaa juu ya vidoa kama soksi ya mwenyewe. Macho ya Sista yakajaa.

"Nilimshika asidondoke kitandani. Nilimshika kama ninavyowashika wote."

"Najua," alisema Inspekta. "Na wengine wote hawakubakiwa na alama. Daktari yuko wapi?"

*

Daktari wa damu na saratani za watoto alikuwa ameketi kwenye kigoda kifupi cha magurudumu, kimo chake kikimfika mtoto kifuani. Hospitali nzima walimcheka kwa kigoda kile. Yeye alisema mgonjwa hulala kutwa akitazamwa kutoka juu, basi angalau daktari wake amtazame kutoka chini.

"Nimeshamsoma huyo," alisema, akionyesha karatasi. "Nilitarajia ugonjwa wa damu, Inspekta, si uongo. Nilitarajia kwa hamu. Lakini chembe za kuzibia jeraha zinatosha. Kuganda kuko sawa. Hata ile protini inayonata, ambayo ndiyo niliyoishuku, iko ndani ya mstari. Kwa chini chini, ila ndani. Niliandika 'kawaida' huku roho ikiniuma."

"Mnayemwona wa kawaida, mpira wa kitambo tu umemwachia bangili nyeusi."

Daktari aliinua uso. "Mpira wa lini?"

"Wa kumtolea hiyo hiyo damu uliyoisoma. Walimshika watu wanne."

"Wanne?"

"Alilia mpaka akakauka, Sista anasema. Na homa juu yake."

Daktari aliiweka karatasi chini taratibu sana, kama kitu kilichoanza kutoa moshi.

"Mimi nilisoma majibu," alisema. "Sikuuliza mtoto alikuwa katika hali gani."

"Inahusu nini?"

"Inspekta, umewahi kufikiwa na mgeni wa heshima bila taarifa?"

"Mama mkwe wangu hana tabia ya kutoa taarifa."

"Basi unajua. Nyumba ina viti viwili. Mgeni akibisha hodi, watoto wanatumwa mbio kwa majirani, vinaazimwa viti, vinapangwa. Mgeni anaingia, anahesabu, anasema: hawa wana viti vya kutosha. Mwili ndivyo ulivyo. Hofu ni mgeni. Homa ni mgeni. Kilio cha kushikwa na watu wanne, huyo ni mgeni na ukoo wake. Mwili unakamua kila tone la ile protini lililowekwa akiba na kulimwaga kwenye damu. Sisi tunapima, tunasema: inatosha. Kumbe tumehesabu viti vya majirani."

Inspekta aliuviringisha uzi kidoleni. "Kwa hiyo apimwe akiwa ametulia."

"Homa imeshaondoka tangu jana. Bado hofu. Wengine huwapima tena baada ya majuma, na mimi huyu nitampima tena na tena. Lakini kesho asubuhi wanamchukua."

"Mtoto huyu hutulia kwa nani?"

Wote wawili walilijua jibu. Lilikuwa limeketi nje ya geti la hospitali, kwenye ukuta mfupi, tangu juzi.

"Ngoja," alisema Daktari. "Nikuambie ukweli, usije ukanilaumu. Hata nikimkuta na ugonjwa, ugonjwa haumwondolei mtu hatia. Mtoto mwenye damu nyepesi naye anaweza kupigwa."

"Hiyo ndiyo kazi yangu. Wewe shughulika na damu, mimi na uzi."

Akapiga simu ustawi wa jamii. Sauti ya upande wa pili iliongea muda mrefu. Inspekta alisikiliza, akaitikia, akasikiliza tena.

"Mimi mwenyewe nitakaa chumbani," alisema mwishoni. "Hawataachwa peke yao hata kwa kupepesa jicho." Akanyamaza. "Jina langu? Liandikeni. Tena kwa herufi kubwa."

*

Mama aliingia na vumbi la ukuta kwenye sketi. Daktari alimkalisha ofisini kwanza, mlango wazi, Inspekta pembeni. Maswali yake hayakuwa na haraka.

"Uliwahi kung'oa jino, mama?"

"Moja. Nililala na kitambaa mdomoni, asubuhi mto ulikuwa mwekundu. Fundi wa meno alisema nina mdomo mkaidi."

"Na siku zako za mwezi?"

Mama alimtazama Inspekta kwa aibu. "Si kama za wanawake wote? Natumia vitambaa mpaka vinaisha. Siku zile sikai cherehani, nalala."

"Hapana, dada," alisema Daktari kwa upole. "Si kama za wanawake wote. Mama yako je?"

"Mama yangu simjui. Alinizaa, damu haikukatika. Baba ndiye kanilea, peke yake, mpaka kusuka nywele alijifunza."

Kalamu ya Daktari ilisimama. Halafu ikaendelea, polepole zaidi.

"Homa ya mtoto mliitibu kwa nini?"

"Baba alimpa nusu ya kidonge chake cha bega. Zile aspirini. Alisema kama kinasaidia zee, kitasaidia na kinda."

"Kinda hapewi hicho kidonge, mama, hata kama damu yake ni ya chuma. Tena kinaichezea damu. Ndiyo maana pua ilipofunguka haikufunga, na alama zikawa nyeusi vile."

Inspekta aliuliza swali lake moja tu. "Nani humpeleka mtoto shule?"

"Babu yake. Kila siku. Mwaka huu kaanza, shule iko mbali." Akamgeukia Inspekta. "Afande, baba yangu hajawahi kumpiga hata mbuzi. Amekiri kwa ajili yangu. Mtu akinitazama usoni na kuniambia anaamini hilo, basi aniambie."

Hakuna aliyemwambia.

*

Sista alikuwa ameshampaka mtoto krimu ya ganzi mkononi na kuifunika kwa plasta, ili sindano ikija isijulikane imekuja. Pazia lilivutwa. Wale waendesha dripu walipewa amri ya kunyamaza, wakanyamaza kwa kelele.

Mama alifika kitandani, akasimama. Alikuwa amekatazwa kwa muda mrefu kiasi kwamba hakujua kama anaruhusiwa kugusa.

"Panda," alisema Inspekta. "Mpakate."

Mtoto aligeuka. Hakulia. Alitambaa tu hadi mapajani mwa mama yake, akaweka sikio kifuani, akafumba macho, na mabega yake yakashuka. Chumba kizima kilisikia pumzi ile ikitoka.

Walimwacha. Daktari alikaa kwenye kigoda chake, chupa ya mapovu ya sabuni mkononi, akipuliza moja moja kama mtu asiye na kazi nyingine duniani. Muda ulipita. Sista aliwahi kutazama saa, Daktari akamtikisia kichwa.

"Kitendawili," alisema Inspekta, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Povu moja likapasuka.

"Kitendawili," akarudia. "Hamna wa kunijibu humu? Basi nitamtegea huyu Sista."

"Tega," kilisema kijisauti kilichokauka.

Mama alifumba macho kwa nguvu. Sista akageukia dirisha.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai," alisema Chiriku kwa dharau. "Hicho cha watoto wadogo."

"Ala! Samahani, bibi mkubwa. Basi hiki. Ukimkimbiza hakamatiki, ukinyamaza anakuja kulala na wewe."

Mtoto alifikiri. Povu moja lilipita mbele ya pua yake, akalipuliza. Daktari akamkabidhi chupa yote. "Puliza huku ukiwaza. Pumzi ndefu. Lisipasuke."

"Paka," alisema Chiriku, akapuliza.

"Paka ana makucha. Huyu hana."

"Usingizi!"

"Umepata! Leo mji nakupa mimi!" alicheka Inspekta. "Mji gani unautaka?"

"Wa Babu. Una baiskeli." Akapuliza tena. Povu lilikuwa kubwa, likatetemeka, likaondoka zima, na Daktari tayari alikuwa anabandika pamba. Kichupa cha damu kilikuwa mfukoni mwake. Hakuna aliyemshika mtoto ila mama yake, na mama yake hakuwa amekaza.

"Kwa baiskeli unakaaje?" aliuliza Inspekta, sauti ile ile ya mchezo.

"Kama bibi harusi," alisema Chiriku. "Miguu yote upande mmoja. Babu anasema nikikaa kama mwanaume gauni litaingia kwenye cheni."

Inspekta alisimama. "Sista, kaa na hawa mpaka nirudi. Jicho lisipepese."

*

Kibandani, nyuma ya kituo, baiskeli ilikuwa imefunikwa gunia. Inspekta alilifunua. Keria ilikuwa ya vyuma viwili vilivyonyooka, vinene kama kidole, vimelala sambamba kutoka kiti hadi mkia. Hakuna mto, hakuna hata kitambaa.

Alitoa uzi. Aliliweka fundo la kwanza juu ya chuma cha kwanza, akaunyoosha. Fundo la pili likatua juu ya chuma cha pili, bila kuvutwa na bila kulegea.

Alirudia upande wa mbele wa keria, akarudia wa nyuma. Uzi ulikataa kubadili maneno yake.

Alimtoa mzee mahabusu, akamleta uani, akampa gunia aliloliviringisha likawa na kimo cha mtoto. "Huyu mjukuu wako. Mpandishe."

Mzee alimtazama, akaitazama baiskeli, na wasiwasi ukamwingia machoni. Alilishika gunia chini ya kile kilichokuwa makwapa, gumba mbele, vidole nyuma. Bega liliposhindwa kunyanyua, vidole vilizama kwa nguvu kufidia. Akalitua juu ya keria, upande, kama bibi harusi.

"Kila siku hivyo?"

"Kila siku ya shule."

"Na barabara?"

"Mashimo matupu. Humwambia, shikilia, mama, tunapita baharini." Akaanza kutabasamu kwa kumbukumbu, halafu akaona Inspekta anatazama wapi. Alitazama vyuma. Alitazama vidole vyake mwenyewe, vilivyokuwa bado ndani ya gunia.

"Mungu wangu," alisema mzee. "Kumbe kweli ni mimi."

Simu ya Inspekta ililia. Daktari hakusalimu.

"Mgeni kaondoka," alisema. "Viti vimerudishwa kwa majirani. Inspekta, nyumba ile ina kiti kimoja, tena kibovu mguu. Protini iko chini kabisa ya mstari, na inayopatikana nayo hainati. Nimerudia mara mbili kwenye damu hiyo hiyo. Ugonjwa wenyewe una jina refu la mtu wa mbali, nitakuandikia. Dawa ipo. Ataishi nao."

"Na mistari nimeipata," alisema Inspekta. "Nimeishikilia hapa, ina kengele mbele."

*

Aliyekuja kutoka ustawi wa jamii alikuwa kijana mpole kuliko simu yake. Aliuweka uzi juu ya picha, akauweka juu ya keria, akasikiliza habari ya vifundo vya miguu na mkono wa Sista, akamsikiliza Daktari. Mwishoni alisema mtoto hatahamishwa kesho. Mama atalala wodini leo. Akamwomba mama radhi, na mama akashindwa kujibu kwa kuwa alikuwa na mtoto usingizini mapajani na hakutaka kumwamsha kwa kulia.

Mzee aliletwa jioni. Koridoni, Daktari alishuka kwenye kigoda, akasimama, akamweleza yote kwa maneno mepesi: aspirini isiingie tena mdomoni mwa mtoto, michezo ipi aepuke, nini kifanyike pua ikifunguka, na kwamba binti yake naye atapimwa, maana hivi vitu hurithiwa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Na mama yake huyu binti?" aliuliza. "Mke wangu?"

Daktari aliifunga kalamu yake. "Siwezi kuapa, mzee. Sikumpima. Lakini kwa nilivyosikia, ningeshangaa kama haikuwa damu hii hii."

"Mimi siku zote nilisema nilichelewa kupata gari." Alivua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili. "Nilijisemea, ungekimbia zaidi."

"Usingeweza kuukimbia ugonjwa huo, baba."

Mzee alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Kisha akamgeukia Inspekta, akanyoosha mikono kama anayesubiri pingu. "Nilikudanganya, Afande. Kuidanganya polisi ni kosa."

"Kubwa sana. Hukumu yake utashonewa na binti yako: mto wa keria, mnene, wa sufi. Nitakuja kuukagua kwa kuukalia mwenyewe."

"Baiskeli haitakuweza," alisema mzee, na wote wakacheka, hata Sista, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya mlango akisikiliza.

Ndani, Chiriku alikuwa ameamka na alikuwa anasema. Alikuwa anawaeleza wale wawili wasio na nywele kwamba polisi halisi hubeba uzi, na kwamba damu yake haipendi kelele. Alipomwona babu yake alinyamaza, akafungua mikono.

Mzee hakusogea. Alisimama kando ya kitanda, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia duka la vyombo vya udongo.

"Babu, nibebe."

"Babu anaumwa bega, mama."

"Uongo. Kila siku unaumwa na unanibeba." Alimtazama vizuri. "Babu, kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai," alisema mzee.

"Ukilibeba yai unalibana?"

"Silibani."

"Basi."

Mzee aliitoa mikono nyuma. Aliitazama. Mama alitaka kusema neno, Daktari akamgusa bega. Mzee akainama, akatelezesha kiganja kimoja chini ya magoti ya mtoto na cha pili chini ya mgongo, akamvuta kifuani ili bega lisiwe na kazi, akanyanyuka.

Inspekta alikuwa amekwisha kuuviringisha uzi wake, lakini alingoja kidogo pale mlangoni, kwa mazoea ya kazi, akaangalia mikono. Vidole vyote kumi vilikuwa wazi.